Bichi ya mchanga inayoruhusu mbwa mwezi wa nane, tunatokea Leicester na tuna mama mkwe

MamaRayan

Habari za humu ndani jamani, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa harakaharaka maana likizo ya shule ndo hiyo imeanza na watoto hawanipi pumzi.

Sisi tuko Leicester, kwa wasiopajua ni katikati kabisa ya Uingereza, ugeukie upande wowote bahari iko mbali. Mama mkwe wangu kaja kututembelea kutoka Tanga, mwenyewe mtu wa Chongoleani, kakulia maji yako mlangoni, sasa hii wiki ya saba anaangalia ukuta wa jirani na mapipa ya taka. Juzi kaniuliza, hivi mwanangu si mnasema hii nchi ni kisiwa, hayo maji yake wameyaficha wapi? Nikaona haya kwa kweli. Anarudi nyumbani mwisho wa mwezi wa nane kwa hiyo lazima iwe ndani ya wiki mbili hizi.

Shida ni kwamba tuna mbwa. Ndio tuna mbwa na naomba tusianzie hapo. Anaitwa Kashata, ni kokapuu, yaani chotara wa cocker spaniel na poodle, alikuja kipindi kile cha korona watoto walimganda baba yao mpaka akasalimu amri. Mama alipofika nilijua ni vita lakini wamewekeana mkataba wao wenyewe, Kashata havuki kizingiti cha chumba cha mama na mama harushi kandambili, mpaka leo mkataba umesimama. Kumwacha nyumbani peke yake siku nzima hatuwezi, analia mpaka jirani anagonga ukuta, na kumpeleka kwa watu wanaolea mbwa kwa siku bei yake ni ya kulisha familia nzima.

Mwaka jana tulikwenda bichi moja siitaji, tumeendesha masaa matatu, tumelipa pakingi, tunashuka na mikeka na mwavuli na sufuria la pilau, mara kibao hiki hapa, picha ya mbwa imekatwa mstari mwekundu, marufuku kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa. Baba Rayan akakaa na Kashata juu kule kwenye benchi la barabarani masaa matatu anakula aiskrimu anatuangalia kama mtu aliyeko mahabusu. Sitaki tena.

Kwa hiyo natafuta mchanga, sio yale mawe ya Brighton yanayoumiza nyayo, mbwa aruhusiwe Agosti, choo kiwe karibu maana mama ana goti, na pasiwe mbali kupita kiasi. Nani anajua?

Dereva_wa_Kongowea

Mama Rayan salaam kwa mama. Hapo Leicester kila mtu atakwambia Skegness, watu wa Leicester wameenda Skegness tangu babu zao, na mchanga upo mwingi na punda wa kupandwa na watoto wapo, lakini na mbwa Agosti usijaribu pale katikati, ule ufuo mkubwa wanawafungia mbwa msimu wa joto, utarudia benchi la mwaka jana.

Mimi niko Peterborough naendesha lori, Norfolk yote naijua kwa matairi. Nakwambia nenda Holkham, bichi ya huko Norfolk, pwani ya mashariki. A47 waishika hapo hapo kwenu, waja nayo Peterborough, Wisbech, mpaka King's Lynn, halafu wafuata vibao vya Fakenham au vya pwani, vyovyote. Ni masaa mawili na nusu hivi. Lakini mtoke saa kumi na mbili asubuhi, nasema kumi na mbili sio "tutatoka kumi na mbili" ya Kiswahili, maana ikifika saa nne zile barabara ni nyembamba, trekta mbele, karavani nyuma, huna pa kupita na watoto washaanza kuuliza tumefika.

Ukifika kuna barabara moja nyoofu yaitwa Lady Anne's Drive, ndiyo pakingi yenyewe, walipa kwa masaa. Mwisho wake kuna mkahawa wa duara na vyoo, safi. Kutoka hapo kuna njia ya mbao yapita katikati ya misonobari, mama na goti lake atapita bila shida, kisha waibuka upande wa pili, na hapo nakuapia mama atanyamaza. Ni mchanga mtupu, mpana, kulia huoni mwisho kushoto huoni mwisho. Hata Agosti watu wakijaa vipi, tembea dakika kumi uko peke yako.

Mbwa waruhusiwa mwaka mzima. Ila kuna sehemu wamezungushia kamba kuanzia mwezi wa nne mpaka wa nane, kuna vijindege vyataga mchangani wazi wazi, yai lafanana na kokoto, mbwa akipita amevunja na hajui. Hapo lazima kamba shingoni. Ukiona farasi pia mfunge haraka, kiangazi hata wale farasi wa askari wa mfalme wa London huletwa Holkham kuogelea, ukibahatika siku hiyo watoto watasahau simu.

Jambo la mwisho na hili nalisema kwa sababu ya mama mkwe. Ukitoka kwenye misonobari PINDA KULIA. Kushoto ukienda mbali sana kuna eneo la watu wanaoota jua bila nguo hata moja, ni ruhusa yao, kuna kibao. Mimi niligundua nikiwa na shangazi yangu wa Likoni. Hatujalizungumza mpaka leo.

JamaaMkavu

Waswahili wa siku hizi bwana. Bibi wiki saba dirishani, mbwa ndo anatafutiwa bahari.

MamaRayan

@JamaaMkavu umesoma swali lote au umeishia kwenye mbwa? Bahari inatafutwa ya mama, mbwa ni abiria.

@Dereva kaka asante sana, kushoto nimeelewa 😂

BintForodhani

Dada mie niko Kent, huku chini kusini, nna mbwa wawili na mume hapendi hata mmoja. Hilo la vibao ntakueleza maana limenitoa hela.

Watu wengi wanafikiri kuna sheria moja ya nchi nzima, hakuna. Kila halmashauri inajipangia yake, na bichi yenyewe inakatwa vipande, kipande hiki mbwa sawa, hatua ishirini mbele marufuku. Kawaida marufuku ni tarehe 1 mwezi wa tano mpaka 30 mwezi wa tisa, lakini kwengine wanaanza Pasaka, kwengine ni mchana tu ukija na mbwa wako alfajiri hawana neno. Mie nilikuwa upande halali kabisa, nimekaa zangu, mbwa mmoja akakimbilia mpira ukavuka ile boriti ya mbao inayoingia baharini, basi boriti ile ndo mpaka. Kijana kaja na kofia yake na kidaftari, mpole kweli, "madam" nyingiii, kaniandikia pauni 100. Mpira wenyewe wa pauni mbili.

Kwa hiyo ukifika usiangalie wenzio wana mbwa au hawana, nenda kasome ramani kwenye kibao, na tazama mpaka wako ni nini, boriti, ngazi, kibanda, kitu gani. Mwekee Kashata na ile pleti shingoni yenye jina lenu na anwani, ni sheria mbwa akiwa nje, watu wanadhani chipu ya chini ya ngozi inatosha lakini chipu ni nyengine na pleti ni nyengine. Na vifuko vya kinyesi chukua vingi, mbwa akifika baharini tumbo linafunguka sijui kwa nini, na usikifukie mchangani kama paka eti bahari itachukua, mtoto wa mwenzio ndo atakayechimba pale.

Jirani na kwetu huku kuna Camber Sands, ni mchanga mzuri na vilima vya mchanga mpaka unahisi uko jangwani, na kwa asiye na gari treni mpaka Rye halafu basi, mbwa kwenye treni halipi, unaruhusiwa hata wawili. Camber nayo ina vipande vya mbwa na visivyo vya mbwa msimu wa joto. Lakini kutoka Leicester ni mbali sana na Jumapili ya joto foleni inaanza kabla hujaiona bahari. Mimi mwenyewe Agosti siendi, nakwenda mwezi wa kumi wenye baridi yangu na watu wa mbwa wenzangu.

Na Camber inanifanya niseme la maji. Mwaka 2016 mwezi huuhuu wa nane vijana 5 walizama pale siku moja, wametoka London wamekuja kucheza tu kama nyinyi. Maji ya huku yanapanda kwenye mchanga wa bapa, hayaji kwa mbele kama kwetu, yanazunguka.

Mpemba_wa_Mersey

Bint Forodhani kanitangulia lakini hili la maji niachieni mie, maana sisi watu wa pwani ndo tunaozama kwa ujuaji.

Mama Rayan, mwezi ni huo huo mmoja. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, katikati yake maji mafu, hapa na Pemba sawa. Lakini kipimo si kimoja. Kwetu bamvua kubwa maji yanapanda na kushuka kama mita 4. Hapa nilipo Liverpool yanafika mita 9, ndugu yangu, hiyo ni nyumba ya ghorofa tatu inajaa na kukauka mara mbili kwa siku. Norfolk si kama hapa, ila ule mchanga wake ni bapa kama sinia, kwa hiyo maji yakipwa yanakwenda mbali mpaka unayaona kama uzi tu kule, na mtu anayafuata. Anafika kwenye fungu la mchanga, anacheza, mbwa anafukuza shakwe, kila kitu raha. Kumbe nyuma yake kuna mkondo ulikuwa mkavu alipoupita, maji yanaingia kwa huko kwanza. Anageuka, yuko kisiwani.

Pale Wells, jirani ya Holkham, maji yakigeuka wanapiga king'ora ufukweni ili walioko mafunguni warudi. King'ora! Mji mzima umezoea. Ukikisikia usiulize hicho nini, rudi.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua jedwali la kujaa na kupwa la Wells kwenye intaneti siku moja kabla. Fika wakati maji yanatoka, cheza wakati yametoka, na yakishageuka sogea juu, usingoje uyaone. Saa za Tanga zitupe. Bamvua la kwetu maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, kila mtoto wa pwani analijua, lakini kila pwani ina saa yake na pale sio hiyo.

Na la mwisho, mbwa akichukuliwa na maji USIMFUATE. Najua watoto watalia. Mbwa ana miguu minne na manyoya, mara nyingi anatoka mwenyewe mahali pengine, aliyemfuata ndo anayebaki. Piga 999 uombe Coastguard, ndio waokoaji wa baharini. Na mtu akianguka kwenye maji baridi asipigane nayo, alale chali aelee mpaka pumzi irudi, maana Agosti yenyewe maji ya kule ni nyuzi 17 au 18, kwa sisi tuliozoea ya uvuguvugu mwili unashtuka hasa.

Siku nyingine mje huku Formby, misonobari, vilima vya mchanga na kindi wekundu, mbwa ruhusa, treni inakushusha Freshfield. Nitawapikia.

MamaRayan

Mpemba umenitisha lakini asante, baba Rayan nimemsomea kwa sauti maana yeye ndo anayejidai kaogelea kule Tanga kutoka Raskazone mpaka kisiwa cha Toten.

Sasa swali la pili, dogo lakini ndo linanikosesha raha. Mama ni mtu wa swala. Nyumbani mambo ni rahisi, mbwa mkavu na yeye mkavu hakuna najisi. Sasa baharini kila kiumbe kimelowa, na Kashata akitoka majini anajikung'uta bila kuangalia nani yuko mbele. Mmefanyaje nyie wenye wazee?

Mzee_wa_Baraza_Bham

Binti yangu, sisi mama yetu kutoka Lamu tulikwenda naye mara tatu. Mpe kiti chake upande upepo unakotokea, mbwa mkae naye upande unakokwenda. Maji hayarudi juu ya upepo. Mkeka wa kuswalia uwe kwenye mfuko wake wa plastiki umefungwa, haufunguliwi mpaka wakati, na buibui la pili liwe garini. Dumu la maji lita tano kwa ajili yake peke yake, asiligusie mtu mwingine, sio la kuoshea mchanga miguu ya watoto. Yule mbwa akimrushia ndio imetokea, atabadilisha atajitwahirisha aendelee na siku yake, wazee wetu wana subira kuliko tunavyowadhania, sisi ndio tunaowasemea.

Kama mchanga wa bahari unafaa kwa ile mara ya udongo katika kuosha najisi ya mbwa, hilo muulize shehe wenu, mimi ni mshona nguo.

JamaaMkavu

Hapo mzee umesema. Mi naona mngemnunulia mbwa koti la mvua tu.

nesi_wa_wanyama

Nimechelewa kuona, niko zamu za usiku. Mimi ni nesi wa wanyama hapa Norwich, na kila Jumatatu ya kiangazi tunapokea mbwa waliotoka bichi, wote hadithi zao ni zile zile kwa hiyo niseme kabla hamjaondoka.

Maji ya chumvi. Mbwa hajui kwamba hayanyweki, anakunywa, anatapika, anaharisha gari zima mpaka nyumbani, na akizidisha chumvi inampanda kichwani anaanza kutetemeka, hapo ni hospitali mbio. Bebeni maji matamu yake na bakuli, mpeni kila nusu saa kabla hajatafuta yake. Mpira uliojaa mchanga nao, kila akiudaka anameza kidogo kidogo, mwisho wa siku utumbo umeziba kwa mchanga kama saruji, nimeona kwa macho yangu kwenye picha ya eksirei, unang'aa mweupe. Tumieni mpira laini usioshika mchanga, au kile kidude cha kamba.

Mkiona bonge jeupe au la njano kama mshumaa limetupwa na maji, linanuka nuka, huenda ni mafuta ya mawese yaliyoganda kutoka melini. Mawese ya kwetu yale yale ndio. Mbwa anayapenda vibaya sana na yanamuumiza, na yanakuwa yamebeba uchafu mwingine wa dizeli. Asiguse.

Nyie wenyewe vaeni viatu vya majini, kuna samaki mdogo anajifukia kwenye mchanga wa kina kifupi ana miiba yenye sumu mgongoni. Akikuchoma utaimba. Dawa ni maji ya moto, ya moto unavyoweza kuvumilia bila kuungua, ingiza mguu nusu saa, sumu yake inavunjika kwa joto. Sio barafu kama watu wanavyokimbilia.

Sili wakilala mchangani mnawapita mbali, mbwa amefungwa. Wanaonekana wapole, wana meno.

Na kumwacha mbwa garini hata dakika kumi mkienda kununua chipsi hapana, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Nje panaweza kuwa nyuzi 22 tu, ndani ya gari ni tanuri.

Kokapuu wana masikio ya kuning'inia, jioni yakausheni vizuri la sivyo wiki ijayo mtaniletea.

MamaRayan

Tumerudi! Samahani kwa kimya, nilikuwa natoa mchanga kwenye gari, na mpaka sasa upo.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu (Dereva nisamehe, Rayan alisahau kiatu). Usiku wake mama aliangalia dirishani akauona mwezi akasema kesho bamvua, maji yatajaa saa kumi. Bamvua kweli, siku kapatia, lakini jedwali la Wells lilisema maji yanajaa saa moja na kitu asubuhi na yanapwa kabisa kwenye saa nane mchana. Mama hakuamini. Njia nzima anasema hao walioandika hilo jedwali hawajakaa pwani.

Tulifika saa tatu na robo. Ile njia ya mbao kaipita mwenyewe, hakutaka kushikwa mkono, na alipotokeza upande wa pili akasimama. Dereva ulisema atanyamaza, hakunyamaza. Alisema "ala, kumbe wanayo," kama mtu aliyemkuta jirani ana sukari baada ya kuambiwa imekwisha. Halafu akavua viatu.

Maji kayaingia mpaka vifundo vya miguu tu, akasema hii bahari imetoka frijini, akatoka. Lakini maji yalivyozidi kutoka ndo akachangamka, maana pale kumejaa makombe yale marefu membamba kama mpini wa kisu, na makombe madogo ya mviringo, akaanza kuokota anatia kwenye kanga. Akaniuliza, maji yamepwa yote haya, mbona hakuna hata mwanamke mmoja anachokoa makombe? Watu wote wamelala tu? Sikuwa na jibu. Kulikuwa na watu labda mia mbili tunaowaona na kweli hakuna hata mmoja aliyeinama, isipokuwa wanaookota kinyesi cha mbwa. Hilo nalo lilimshangaza, aliona mzee wa watu mwenye kofia nzuri kainama na kifuko mkononi, akasema duniani kuna kazi.

Kashata sasa. Kashata alibweka bahari dakika nzima. Ikija anarudi nyuma, ikirudi anaifuata, akadhani ameishinda. Halafu akaingia mzima mzima, na alipotoka, Mzee wa Baraza, upande wa upepo tulikuwa tumeuzingatia kabisa, kiti cha mama kiko sawasawa, lakini mama mwenyewe hakuwa kwenye kiti alikuwa kwenye makombe yake, na mbwa akaenda moja kwa moja kumwonyesha kwamba amelowa. Akajikung'uta pale pale. Tukaganda wote, watoto hawapumui. Mama akajitazama buibui, akamtazama Kashata, akasema "mkataba ulikuwa wa nyumbani." Basi. Tukarudi naye garini, dumu la lita tano likafanya kazi yake, buibui la pili likavaliwa, akaswali adhuhuri kwenye kivuli cha misonobari na hakuna aliyetusumbua, mama mmoja wa Kizungu akapita na mbwa wake akamvuta kamba azunguke mbali.

Saa tisa kasoro baba Rayan akataka kwenda kwenye fungu moja kule mbali na watoto. Nikamwambia Mpemba kasema nini? Akanywea. Tukakaa juu tukaangalia, na kweli, wallahi hayaji kwa mbele. Kuna bonde dogo nyuma ya lile fungu tulikuwa tumelipita miguu mikavu asubuhi, likaanza kung'aa tu, hamna wimbi hamna kelele, dakika ishirini lilikuwa mto. Familia moja ilitoka huko watoto wamebebwa mabegani maji mapajani. Mama ndo aliyewaona kwanza akapiga kelele za Kiswahili, "maji hayooo!", sijui kama walielewa lakini waligeuka.

Jioni tukapita Hunstanton badala ya kurudi moja kwa moja, maana baba Rayan alisoma kwamba pale ufukwe umeelekea magharibi. Mbele ya mji mbwa wamezuiwa msimu huu kwa hiyo tulikaa juu kwenye nyasi na chipsi na samaki, na jua likazama baharini. Mama hajawahi kuona hivyo. Kwetu Tanga jua linatoka baharini linakwenda kuzama bara huko Usambara. Aliangalia mpaka likaisha akasema wameligeuza.

Masikio ya Kashata tumekausha nesi, na mchanga hakumeza mwingi, kwa ushahidi wa Jumapili.

Dereva_wa_Kongowea

Alhamdulillahi nimefurahi sana. Na mlipinda kulia?

MamaRayan

Sisi tulipinda kulia. Kashata saa tano alimfuata mbwa mmoja mweupe akakata kushoto, haitwi haitiki, baba Rayan akamkimbilia. Walichukua dakika arobaini. Amerudi na mbwa mkononi, macho chini, akakaa akamenya chungwa. Mama akamuuliza kule kuna nini mwanangu, akasema upepo mama, kule kuna upepo tu.